Mazabodi na Mifuko ya Salfa

Masasi, Jumamosi alasiri

Mwanangu Hilda,

Ukifungua barua hii utakuwa umeshapita Nanganga, na nina hakika yale mayai uliyoambiwa uyale Lindi umeshayamaliza. Sikulaumu. Mimi pia mayai ya safari sijawahi kuyafikisha popote.

Sitakuandikia habari za kutunza nauli wala za kuwaepuka watu wa stendi wanaokubebea mzigo kabla hujawaomba. Hayo mama yako na mama zako wadogo wameyasema tangu Jumatatu, wakayarudia, kisha wakagombania nani kayasema vizuri zaidi. Mimi nina jambo moja tu. Nimelikalia miaka sita, na leo nimelikalia kweli kweli, kwa makalio, kama utakavyoona.

Nimo stoo. Kile chumba cha mwisho chenye dirisha moja dogo la nondo, ambacho zamani kilikuwa chumba cha kompyuta. Niliingia kutafuta msumari wa kukazia kitasa cha sanduku lako, na msumari niliupata palepale, juu ya fremu ya mlango. Lakini kabla sijatoka, mjomba wako Mwalimu Oswald akaleta kiti chake, akakiegemeza mlangoni kwa nje, maana kivuli cha saa hizi kinaangukia hapo, akaanza kuwaeleza wageni waliokuja kukuaga jinsi alivyokupangia maisha. Wewe mwenyewe umekwenda hospitali ya Mkomaindo kumuaga Sista Agnes, kwa hiyo hakuna wa kumkatiza. Nikitoka itabidi nikae naye. Nikikaa naye itabidi niitikie, nawe unanijua kwa kuitikia. Basi nimekaa juu ya mfuko wa salfa ya mikorosho, daftari lako la zamani la fizikia magotini, naandika kwenye kurasa ulizoziacha tupu. Ni nyingi, mwanangu. Mwalimu wako alikuwa na haki ya kulalamika.

Sasa sikiliza. Jana, ulipokuwa jikoni na mama yako, mimi nilikuwa nje ya dirisha nagongomea makuti ya bafu. Sikukusudia kusikiliza, lakini sikuziba masikio pia. Mama yako alikuuliza kama fomu ya chuo umeshaijaza yote.

"Bado kisanduku kimoja," ukasema. "Wanataka nichague, ufundi wa kompyuta au ukatibu muhtasi. Nikifika nitaweka ukatibu."

"Si wewe uliyekuwa unalala na bisibisi chini ya mto?"

Ukasema, kama mtu anayetaja namba yake ya kiatu: "Mkono wangu kwa vyuma mbaya, mama. Si niliua kompyuta ya baba."

Nilikuwa nimeinua nyundo. Nikabaki nayo hewani mpaka mkono ukauma.

Hukuiua, Hilda. Niliiua mimi.

Haya, nimeshaandika, na dari haijaniangukia. Lakini nikiishia hapo utadhani nakufariji tu, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ya baba mtoto anaposafiri. Wacha nieleze tangu mwanzo, uipime habari hii kama fundi anavyopima waya, ncha mpaka ncha.

Unajua mimi si mzaliwa wa nyumba hii. Nilitoka Mnyambe, kule Newala, na begi moja la nguo na mita ya kupimia umeme, nikaja kuoa kwa akina mama yako, na kama ilivyo kwetu nikakaa hukohuko. Nyumba ni ya mama yako, mikorosho ni ya ukoo wake, na watoto kwa mambo mazito wana mjomba wao. Sikuonewa. Nilipewa mke mzuri na mahali pa kulala, na kwa mtu aliyekulia Newala kwenye shida ya maji, kuamka na kukuta maji hayako mbali ilikuwa kama kuhamia mbinguni. Shemeji zangu walinitania mwaka mzima kwamba ninaoga kikombe kimoja na nusu ninarudisha. Lakini hakuna aliyeniambia kwamba mwanamume anayekaa ukweni ana neno moja tu la kazi, nalo ni "sawa". Shemeji, kesho tunapalilia. Sawa. Shemeji, mbuzi alale kwenye varanda yako. Sawa. Pale kibandani kwangu Mkomaindo nilikuwa mtu wa kuogopwa, nawakaripia watu wazima kwa kumwagia redio zao uji. Nikivuka uzio wa nyumbani, ukali wote nauacha nje pamoja na viatu.

Kisha soko la korosho likafunguliwa. Ulikuwa mdogo, unakumbuka malori tu. Wanunuzi binafsi walikuja kugombea korosho, na malori yao hayakuja matupu: televisheni, deki, redio mpya zinazong'aa, na baadaye kompyuta zilizokwisha kutumika huko Dubai. Redio mpya ikawa rahisi kuliko mkono wangu wa kutengeneza ya zamani. Nilikaa kibandani siku nne mfululizo bila kufungua hata betri, nikicheza bao peke yangu na kushindwa. Siku ya tano nikapata wazo: kompyuta ya gemu. Makarani wangekuja, walimu wangekuja, wauguzi wakitoka zamu wangekuja, wacheze mpira na mbio za magari hapa nyumbani, walipe kidogo. Na nisinunue iliyokwisha kuunganishwa. Mimi fundi. Ninunue vipande, niiunge mwenyewe.

Hapo ndipo nilipokutana na mazabodi, ule ubao wenye ukubwa wa sinia dogo ambao kila kitu kingine huchomekwa juu yake. Ukikosea feni, unabadilisha feni. Ukikosea diski, unabadilisha diski. Ukikosea mazabodi, umekosea kompyuta nzima, kwa sababu ndiyo inayoamua ni kipi kitaingia na kipi kitabaki nje. Haya nayajua sasa. Siku ile, Kariakoo, nilijua rangi yake tu.

Muuzaji alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kamba, jina lake Bwana Salum. Alinitandikia mazabodi tatu juu ya kioo.

"Ya chini, ya kati, ya juu," akasema. "Unataka ya kufanyia nini, mkubwa?"

"Gemu."

"Gemu za leo au za mwakani?"

"Za leo. Za mwakani nitazijua mwakani."

Akanitazama kwa juu ya miwani. "Basi hii ya chini ina kila kitu. Picha imo humohumo, sauti imo humohumo. Ila haina tundu la kadi ya picha. Ilivyo ndivyo ilivyo, huongezi."

"Kama kila kitu kimo, niongeze nini?"

"Haya mkubwa," akasema, akaanza kuifunga kwenye boksi. Hakubishana. Ningekuwa mimi muuzaji ningemkaripia mteja kama mimi.

Mwaka wa kwanza nilikuwa mfalme. Kisha karani mmoja wa benki akaja na sidii ya gemu jipya la mpira, tukaliweka, na wachezaji wakatokea hawana nyuso, wanatembea kama watu wanaovuka matope na ndoo kichwani. Nikafungua kasha nitafute pa kuchomeka kadi ya picha. Na mahali penyewe palikuwapo, Hilda. Kwenye ubao kulikuwa na safu mbili za vidoti vya shaba, mahali hasa ambapo tundu lingekaa, ila waliotengeneza hawakulichomelea. Waliacha nafasi, wakaiziba. Nilivipapasa vile vidoti kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta mlango anaojua ulikuwapo kwenye ramani.

Ukaja ukasimama nyuma yangu. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu na unanuka embe. Ukasema, "Baba, umenunua nyumba isiyo na mlango wa uani."

Wiki nzima nilikataa kwamba nimekosea. Wiki ya pili nikakuuliza, kana kwamba nakupima tu, wewe ungenunua ipi.

Hukunijibu siku hiyo. Ulichukua gazeti la kompyuta alilolisahau yule karani, ukakaa nalo na kamusi, na siku ya tatu ukaniletea ukurasa mmoja. Ninao hapa. Ulikuwa ndani ya kitabu changu cha nyimbo cha kanisani, ndiyo maana hakuna aliyeuona. Uliandika hivi: "Si ya chini, imefungwa. Si ya juu, tutalipia matundu ambayo hatutayajaza mpaka iwe ya kizamani. Ya kati. Iwe na tundu la kahawia la kadi ya picha. Iwe na nafasi tatu za memori, tuanze na mbili. Iwe inakubali prosesa kubwa kuliko tuliyonayo. Libaki tundu moja tupu kwa kitu ambacho hatukijui bado."

Nilipanda basi na ukurasa huo ndani ya soksi. Bwana Salum aliusoma mara mbili.

"Nani kaandika?"

"Mwanangu."

"Safari nyingine mtume yeye," akasema. "Wewe baki na korosho."

Unakumbuka tulivyoiunga? Juu ya meza ya mama yako, tumetandika kitambaa cha kanisa cha Pasaka, yeye amekwenda shamba. Nilikufundisha kushika nondo za dirisha kwanza ili umeme wa mwili ushuke. Prosesa niliiweka mimi kwa sababu nilitaka kuonekana nina kazi. Kadi ya picha uliisukuma wewe kwenye lile tundu la kahawia, ikalia "ka", ukanitazama, nikaitikia kwa kichwa kwamba ndivyo inavyolia, nami nilikuwa sijawahi kuisikia. Jioni wachezaji wakawa na nyuso. Sista Agnes alimfunga karani mabao sita akasema, "Leo hata jasho lako naliona." Tulicheka mpaka jenereta la mji likazimwa, tukaendelea kucheka gizani.

Ilikuwa mazabodi nzuri, Hilda. Si kubwa, si ghali. Ilichaguliwa vizuri. Nataka ulijue hilo kabla ya linalofuata.

Ikafika Juni. Mikorosho ikaanza kutoa maua, na ule ukungu mweupe ukaanza kuyala, na kila mtu akatafuta salfa ya kupuliza. Mjomba wako akaleta mifuko ya ukoo mzima kwa pikapu, pamoja na pampu ya kupulizia. Kibanda cha nje upepo ulikuwa umekiezua. Akazunguka nyumba, akafungua mlango wa chumba cha kompyuta, akatazama sakafu, akatazama kufuli.

"Shemeji, mifuko ikae humu. Ndicho chumba kikavu."

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo barua yote ilipo.

Miaka miwili kabla ya siku hiyo, mzee mmoja wa kwetu Mnyambe, Mzee Hamisi, alinijia kibandani amebeba redio begani. Imekufa, haikuanguka, haikulowa. Nilipoifungua nikakuta kila mguu wa shaba ndani yake mweusi kama umepakwa masizi. Nikamuuliza redio inakaa wapi. Akasema juu ya mifuko ya salfa, chumbani, ili panya wasiifikie. Nikamkaripia, mzee wa umri wa baba yangu. Nikamwambia salfa inakula shaba, haihitaji hata kuigusa, inaila kwa harufu. Akasema, "Sikujua, fundi." Nikamjibu, "Sasa umejua." Nililipenda sana jibu hilo. Nililirudia kwa watu.

Kwa hiyo mjomba wako aliposimama pale mlangoni, yeye hakujua. Mimi nilijua. Hakuna mtu Masasi nzima aliyejua kuliko mimi. Nikafungua mdomo nimwambie, na mdomo ukasema, "Sawa, shemeji."

Mama yako alikuwapo. Akauliza, "Baba Hilda, harufu hiyo haitaidhuru mashine?" Mlango ukafunguka tena, unaona, mtu mwingine kaufungua kwa niaba yangu, nilichotakiwa ni kupita tu. Nami nikasema, "Mashine haina pua." Watu wakacheka. Mwalimu Oswald akacheka kuliko wote, akanipiga begani, na mimi nikafurahi, kwa sababu ilikuwa mara chache kumchekesha. Kwa mzaha huo niliua mazabodi yako.

Miezi mitatu pampu ilitoka alfajiri na kurudi asubuhi ikiwa imejaa unga wa manjano, inawekwa hapo chini ya meza. Kompyuta ilipowashwa, feni yake ilivuta hewa hiyohiyo. Nikaifunika kanga ya mama yako wakati wa mchana, kana kwamba kanga inazuia harufu. Kila nilipoifunika nilijiambia nitahamisha mifuko kesho. Kisha namkuta mjomba wako uani, ananiuliza, "Mifuko salama?" Namjibu salama.

Ukarudi likizo ya Septemba na kipande chako cha memori, ulichokipata kwa njia zako shuleni, cha kujaza ile nafasi ya tatu. Ulinawa mikono. Ulishika nondo za dirisha. Ukafungua kasha, na mimi nikainama na wewe, na kabla hujagusa chochote niliona. Miguu ya matundu ya memori ilikuwa myeusi. Vilevile kama redio ya Mzee Hamisi. Nikasema nini? Sikusema kitu. Nilijipa matumaini ya kijinga kwamba labda itavumilia.

Ukasukuma memori. Ukawasha. Feni ikazunguka, skrini ikabaki nyeusi. Ukazima, ukaitoa, ukairudisha, ukawasha. Nyeusi. Tayari mjomba wako alikuwa mlangoni, palepale alipo sasa.

"Nilisema mimi," akasema. "Mtoto wa kike na bisibisi wapi na wapi."

Hukumtazama yeye. Ulinitazama mimi. Ulikuwa unanisubiri niseme kitu cha kifundi.

Nilihitaji maneno matatu tu: ni salfa, shemeji. Lakini nikisema salfa, nimesema mifuko yake. Nikisema mifuko yake, ataniuliza mbele ya wanawake wote, "Na wewe fundi ulikuwa wapi?" Nikaona uso wangu utakavyokuwa, nikauonea huruma uso wangu kuliko wako. Nikakushika bega nikasema kwa upole, "Basi, mwanangu. Ni bahati mbaya. Yameisha."

Nilikusamehe kosa langu mwenyewe, hadharani, nawe ukanishukuru. Ulisema, "Asante, baba." Maneno mawili hayo yamekaa humu stoo na mimi kwa miaka sita.

Nilikusudia kukwambia Jumamosi iliyofuata. Kisha nikasema umalize mtihani kwanza. Kisha siku moja nilifungua boksi langu la vifaa nikakuta bisibisi yako ndogo umeirudisha, umeipangusa, umeilaza pembeni ya zangu. Nikajua jambo limeshakuwa zito. Baada ya hapo hata plagi ya pasi ikikatika ulisema, "Mwambieni baba." Wewe ulidhani nina huzuni ya mashine. Mama yako alidhani nina vidonda vya tumbo, akaninywesha uji wa ulezi miezi miwili. Kila mwaka niliongeza kufuli moja kwenye mlango uleule, na funguo zote nilikuwa nazo mimi, mfukoni, pamoja na tumbaku.

Nawe ukawa unakubali mambo. Hilo ndilo lililonitisha jana zaidi ya fomu. Mjomba wako anasema ofisi ya kanisa kuna meza itakusubiri, utapiga chapa, utakaa karibu na nyumbani. Ukasema, "Sawa, mjomba." Nililisikia hilo "sawa", Hilda. Nalijua. Ni langu. Nilikurithisha neno baya kuliko yote niliyo nayo, na pua yangu juu yake.

Mimi nilinunua mazabodi ya chini kwa sababu ilikuwa na kila kitu, nikaona kuuliza nafasi iliyobaki ni ujeuri. Na ukitazama, ndivyo nilivyokaa hapa pia. Silalamiki kuhusu nyumba. Nyumba ni nzuri. Mimi ndiye niliyeziba kila tundu.

Sasa tazama ndani ya sanduku lako, chini ya sweta ya bluu. Kuna kitu kimefungwa gazeti. Nilikwambia nimekitupa. Sikukitupa, nilikipandisha darini, hapa juu ya kichwa changu, nimekishusha leo mchana. Ni ile mazabodi ya kati. Usiniamini mimi, nimeshakuwa mtu wa kutoaminika, ipime mwenyewe. Ipeleke kwenye mwanga. Kama ingeungua kwa kosa la mkono wako, ungeona alama mahali pamoja, karibu na memori. Hii ni nyeusi kila mahali. Ni nyeusi mpaka nyuma ya lile tundu la kahawia, ambako mkono wako haukufika. Chukua kifutio cha penseli usugue mguu mmoja wa shaba. Weusi utatoka na shaba itaonekana. Kilichoungua hakifutiki kwa kifutio.

Na ile memori yako nimeifunga humohumo. Nina hakika ni nzima. Nilikunyang'anya hata hiyo.

Kuhusu kisanduku cha fomu, sikuambii ujaze kipi. Nimekuamulia vya kutosha kwa kunyamaza. Ukipenda ukatibu kwa sababu unaupenda, weka ukatibu. Mwandiko wako ni mzuri, ingawa daftari hili halina ushahidi mwingi. Ila usiuweke kwa ajili ya mazabodi. Chagua kama ulivyochagua ukiwa na miaka kumi na mitatu na unanuka embe. Ukurasa wako nimeuambatanisha, nimeubana kwa pini ya mama yako. Soma mstari wa mwisho, ule wa tundu moja tupu. Sijawahi kusoma kitu cha akili kuliko hicho, na nimewasikiliza maaskofu.

Na usije ukamchukia mjomba wako. Ulipougua malaria ukiwa na miaka minne, yeye ndiye aliyekubeba kwa baiskeli mpaka hospitali usiku wa mvua, mimi nikiwa Newala kwenye msiba. Alisema maneno mabaya siku ile kwa sababu aliamini alichokiona, na mimi ndiye niliyemwacha akione hivyo. Angejua, mifuko angeihamisha kwa mikono yake. Ndivyo alivyo. Sikumpa nafasi ya kuwa hivyo.

Nimefika ukurasa wa mwisho mtupu. Nje wageni wamepungua, nasikia mama yako anakoroga kitu, na kiti cha mjomba wako kinalia kila anapogeuka. Nilikusudia kumalizia barua, kuikunja, na kumsubiri aende kuswaga mbuzi wake ndipo nitoke. Ningekukabidhi kesho stendi, ungesoma ukiwa mbali, na hapa nyumbani kila kitu kingebaki kilivyo. Nimeliona hilo sasa hivi, nikiandika. Ningekuwa nimekwambia wewe peke yako ukweli, na yeye angeendelea kusimulia watu hapo mlangoni kwamba mpwa wake aliwahi kuua kompyuta.

Amegonga.

"Shemeji, msumari bado tu?"

"Nimeupata, shemeji," nimemjibu. "Sogeza kiti nifungue mlango. Na usiondoke. Nina neno na wewe kabla Hilda hajarudi, la ile kompyuta na mifuko yako ya salfa."

Nimesikia miguu ya kiti ikiburuzwa sakafuni.

Baba yako